Pingamizi Dhidi ya Kompyuta Yenye Haraka

Mwananyamala,
Dar es Salaam.
Novemba 1996.

Ndugu Talha Sadallah,
Dubai.

YAH: KUPINGA UNUNUZI WA PROSESA YA KASI

Ndugu yangu,

Asalaam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta salama huko ulikokwenda kufuata bidhaa, na kwamba joto la huko limekuonea huruma. Sisi huku hatujambo, isipokuwa umeme, ambao bado uko kwenye mgao na hutujia kama mgeni asiyetaka kukaa.

Mimi ni Shomari Mwinchande, karani wa zamani wa ghala, na mteja wa ofisi ya uchapaji ya dada yako, Bi Chausiku. Huenda sura yangu huikumbuki, lakini benchi lililo chini ya dirisha lake unalijua. Mimi ndiye ninayekaa upande wa ukutani.

Juzi ulipiga simu pale duka la dawa ukamweleza dada yako kwamba umepata kompyuta za kupakata, zile zenye betri, ambazo zitamwezesha kuchapa hata umeme ukikatika. Ziko mbili zinazofanana kama mapacha, ila moja ina prosesa ya kasi zaidi, na kwa sababu hiyo bei yake imepanda. Ukamfahamisha kwamba prosesa ndiyo ubongo wa mashine, ukamwomba afikirie kama aongeze fedha au asiongeze. Bi Chausiku, kwa ustaarabu wake, akatuuliza sisi wa benchini. Wote wakasema aongeze. Nilibaki peke yangu, na kwa kuwa pale benchini hoja hushinda kwa sauti, nimeona nikuandikie.

Betri siipingi, Mungu akubariki kwa betri. Ninachopinga ni kasi, kwa sababu zifuatazo:

1. Mihogo. Kompyuta ya sasa ya dada yako ni nzee na ina tabia ya kutulia. Ukiiambia ifungue barua, inaweka picha ya kichupa cha mchanga kwenye kioo chake na kuanza kutafakari. Bi Chausiku hututangazia kupitia dirishani kwamba kichupa kimesimama, nasi tunajua la kufanya: tunanunua mihogo ya kukaanga ya Mama Atuganile, mwenzetu wa kutoka Mbeya, ambaye alihamishia karai lake pale kwa kukitegemea kichupa hicho. Mteja anayehudumiwa upesi hanunui muhogo. Je, ni wewe utakayemweleza Mama Atuganile? Ana mwiko mrefu.

2. Hasira. Nikodemu, fundi bomba, alikuja akitetemeka akitaka achapiwe barua ya kuacha kazi, yenye maneno ambayo dada yako alikataa kuyachapa mpaka ayapunguze makali. Kichupa kikasimama. Nikodemu akakaa, akala muhogo, akapigwa na upepo, akakumbuka kwamba watoto wanasoma. Mashine ilipozinduka, barua ilikuwa imegeuka kuwa ya kuomba likizo, na akapewa. Hasira hasara, walisema wahenga, ila hawakutuambia kwamba dawa yake ni mashine nzito. Kwa prosesa ya kasi, Nikodemu angekuwa ameacha kazi kabla hajameza tonge la kwanza.

3. Posa. Kama ujuavyo, barua za posa za mtaa huu karibu zote huchapwa kwa dada yako, naye huziwekea maua pembeni. Kijana Anwar alileta yake mbio mbio, kitambaa cha kufungia posa tayari kiko mfukoni. Mashine ikakataa kuyaleta maua. Katika kusubiri, benchi likamuuliza binti ni wa nani, amekulia wapi, na nani alimnyonyesha, maana sie pale hatuna jambo tunaloliona dogo. Ikabainika kwamba Anwar na huyo binti wamenyonya ziwa moja, kwa mama mmoja wa Tandale aliyemnyonyesha Anwar wakati mama yake mzazi akiugua. Ndugu wa kunyonya hawaoani. Anwar alilia, nasi tukalia naye, kisha benchi likamtafutia binti mwingine, na leo ana furaha na kitambi. Nakuomba ufikirie kingetokea nini kama maua yangefika mapema.

4. Taifa. Nchi imeingiwa na haraka. Tangu soko liwe huria, vitu vinakuja upesi na kuharibika upesi: viatu, redio, hata urafiki. Mimi mwenyewe nilipunguzwa kazini kwa jina la ufanisi. Waliokuja kutupunguza walikuwa na kompyuta ya kasi, nayo iliimaliza miaka yangu yote ya ghalani kabla sijamaliza chai. Niliumia, ndugu yangu, na sioni sababu ya kuficha. Kwa hiyo ninaposikia kompyuta nyingine ya kasi inaelekea mtaani kwetu, nina haki ya kuuliza inakuja kumpunguza nani.

5. Mteja mmoja ambaye hapendi kutajwa. Huyu ni mgane, mtu wa makamo, anayependa kuwaandikia wahariri wa magazeti kuhusu mitaro, mbu na redio za majirani. Hakuna barua yake iliyowahi kutolewa gazetini, wala hilo halimkoseshi usingizi. Barua zake, kwa kuwa zina maneno mazito, huilemea mashine kuliko za mtu yeyote. Mtu anaweza kufika nyuma yake na kitabu kizima cha mahesabu ya msikiti, akachapiwa, akaondoka, na mteja huyu bado anasubiri ukurasa mmoja wa mbu.

Halalamiki. Wakati mashine imelemewa, mchapaji huja dirishani, huvua miwani, huifuta kwa pindo la kanga, na kumuuliza kama amekula. Tangu mke wake afariki hakuna mtu mwingine anayemuuliza. Na swali hilo lina nafasi moja tu, nayo ni pale kichupa kinaposimama. Prosesa ya kasi itaitoa barua yake mara moja. Atalipa, atashukuru, atakwenda zake nyumbani. Atakuwa amehudumiwa vizuri sana, na ataumia.

Kwa hoja hizo tano, naomba kwa heshima ununue ile ya polepole. Kama wanayo ya polepole zaidi, tafadhali iulizie. Nyongeza ambayo ingelipwa kwa ajili ya kasi inunuliwe mto wa kukalia, kwa kuwa benchi ni gumu upande wa ukutani.

Wasalimie wote mnaoshirikiana nao huko, wenyeji na wageni. Mama Atuganile anakusalimu. Nikodemu, ambaye bado yuko likizo, anakusalimu. Anwar na mkewe wanakusalimu, na benchi zima, pamoja na wale walionipinga, linakuombea urudi na mizigo yako yote.

Ni mimi, mwenye kupinga kwa nia njema,

Shomari Mwinchande
Katibu wa Benchi (kwa kujiteua)

Tanbihi: Limetokea jambo. Rasimu ya barua hii niliiandika kwa mkono, nikikusudia kuipeleka ikachapwe Tandale. Lakini asubuhi miguu ilinipeleka palepale pa siku zote, mkono ukaiweka mezani kwa dada yako kwa mazoea, nami nikaenda kukaa nikisubiri muhogo. Nilikumbuka nilichofanya alipofika namba tano, kwa sababu vidole vyake viliacha kugonga. Kwa mara ya kwanza nilisimama nikachungulia dirishani. Kichupa hakikuwepo kwenye kioo. Mashine ilikuwa inafanya kazi, aliyesimama ni yeye.

Akavua miwani. Safari hii hakuuliza kama nimekula. Alinieleza mbele ya benchi zima kwamba maneno yangu hayana uzito wa kuilemea mashine yoyote. Kwamba barua zangu huwa tayari kabla sijakaa vizuri, naye huziacha mezani na kutangaza kichupa. Na kwamba mwanamume mwenye mdomo wake hakupaswa kutegemea kompyuta ikwame ndipo azungumze. Nilimgeukia Mama Atuganile aniokoe. Akasema wao walijua siku zote, na ndiyo maana walipiga kura ya kasi, maana walikuwa wamechoka kutusubiri sisi wawili.

Bi Chausiku anaagiza kwamba, kwa kuwa wewe ndiye kaka yake mkubwa, na kwa kuwa yeye hataki kuchapa nyingine, uipokee barua hii kuwa ndiyo ya posa. Maua ameyaweka pembeni yeye mwenyewe, kama unavyoyaona. Kitambaa na vilivyomo vitakukuta nyumbani. Ukiridhia, kadi za kuchapa ni nyingi, kamati imekwisha kuundwa hapa benchini bila kutuuliza, na sisi wenyewe si vijana wa kusubiri. Nunua ile ya kasi, shemeji.