Maneno Matano ya Daktari

Jumatatu, 3 Machi
Miezi mitatu tangu mke wangu amalize mionzi ya kichwa. Saratani imesinyaa. Ila ubongo wenyewe umevimba kwa ile mionzi, na kumbukumbu zinamtoroka. Mwalimu wa hesabu! Jana kaniuliza saba mara nane.

Kaka yake, mjuaji wa ukoo mzima, kasema akishindwa kipimo cha kumbukumbu cha Alhamisi anampeleka kwa mama yao. Eti mimi nashinda saluni nikinyoa vichwa vya watu, nani atamwangalia? Thubutu. Daktari humsomea maneno yaleyale matano kila mara, kisha humwomba ayataje, na nimeyanasa. Nimemtungia: jogoo kavaa koti, kapanda ngazi, kateleza kwenye sabuni, kaangukia pamba. Kacheka. Kicheko kile nilikuwa nimekisahau.

Alhamisi, 6 Machi
Tano kwa tano! Daktari kasema uvimbe umetulia, kampunguzia vidonge vya kushusha uvimbe. Shemeji kanuna kwenye benchi. Nikamuuliza kama tumbo linamsumbua.

Jumatano, 12 Machi
Mambo si mambo. Nimemkuta kitandani na kiatu kimoja mkononi, hajui kinavaliwa wapi. Kichwa kinamuuma mpaka analia. Nimemwambia ni uchovu. Najua si uchovu. Naogopa. Badala ya kumpigia daktari, tumerudia jogoo mara ishirini.

Ijumaa, 14 Machi
Shemeji katupeleka hospitali kwa lazima. Daktari kabadilisha karatasi ya maneno. Kijiko, mlango, samaki, kalamu, wingu. Baada ya dakika tano akamwomba ayataje. Mke wangu akajibu kwa sauti yake ya darasani: jogoo, koti, ngazi, sabuni, pamba. Kisha akanigeukia, anasubiri nimsifu.

Nikakiri yote. Daktari hakufoka, afadhali angefoka. Kasema ule haukuwa mtihani wa kufaulu. Ndivyo alivyokuwa akijua ubongo umevimba kiasi gani, nami nikamficha. Karudisha vidonge. Kuna yatakayorudi na yasiyorudi, na hakuniambia yapi.

Shemeji kafunga begi la dada yake. Nilijiandaa kutukanwa. Kasema tu, pole shemeji. Hapo ndipo nilipolia.

Jumapili, 16 Machi
Nyumba imepwaya. Nimempigia, mama mkwe kampa simu. Kauliza kwa adabu, samahani, naongea na nani? Nikajieleza. Kaitikia ahaa, kama anavyowaitikia wazazi wa wanafunzi.

Nimelia kidogo, kisha nikapata akili. Maneno mapya niliyashika yote pale pale daktari alipoyasoma! Samaki kafungua mlango kwa kijiko, kachora wingu kwa kalamu. Nimemfundisha kwenye simu, kimya kimya, mama mkwe asisikie. Kayashika vizuri. Nikaongeza la sita, ambalo daktari hatauliza: mume.

Hilo limemponyoka mara tatu. Kesho saa nne tunarudia.