Unasikia Nini, Tata Numbi?

Jumatatu, 3 Machi 2025
Madame Rachelle, profesa wetu, ametangaza: atakayenasa sauti ya maana kwenye lile shimo la zamani la mgodi lililojaa maji, upande wa Mashamba, atakwenda naye Ubelgiji. Mimi au Stany. Ndio tunaolinda waya wa kioo uliozamishwa humo. Mwanga hupita ndani yake. Sauti ikitikisa maji, mwanga hutetemeka, mashine inachora. Stany amenasa chura. Chura! Na anatembea kama waziri.
Tumbo linaniunguza. Nimeongeza vidonge vya maumivu, vilevile ninavyomezea mgongo. Choo cheusi kama lami. Nimelaumu sombe, yale majani ya muhogo, ingawa wiki hii hatujayapika.

Jumatano, 5 Machi
Mpango! Stany alipoenda kutafuta mikate, nikatumbukiza nondo majini, nikaigonga kwa jiwe. Mashine ikachora vilima vizuri ajabu. Nikaitoa nondo, nikaificha. Mashine ikaendelea kuchora.
Ko. Ko. Ko. Polepole, kama mgeni anayejua umo ndani.
Majini hakuna mtu. Hata kiwimbi hakuna. Niliogopa, nasema wazi. Stany aliporudi aliitazama mashine, hakucheka. Akasema wachimbaji wa jirani hawanawi maji ya shimo hilo tangu wenzao walipofunikwa na udongo humo. Nikamwambia sauti ni yangu, asinizunguke. Akajibu sawa, ni yako. Sikupenda alivyosema.

Alhamisi, 6 Machi
Sasa naisikia hata mezani. Nikisimama, dunia inazunguka. Mke wangu Fidélie anasema nimekuwa mweupe kama unga wa bukari. Kanikokota hospitali. Docteur Honorine, mpole, akauliza kama anavyouliza wagonjwa wote: "Tata Numbi, unasikia nini?"
Hatimaye mtu mwenye elimu ananiuliza! "Mi nasikia mutu anagonga mu mayi," nikamjibu. "Chini kabisa."
Akauliza tangu lini. Tangu jana, nikasema, na Stany hana haki nayo. Akamgeukia Fidélie, akauliza kama kwetu wapo wengine wa namna hii. Tumbo sikulitaja, nani kaniuliza tumbo? Nimepelekwa kwa daktari wa vichwa, nimepewa dawa ya usingizi. Fidélie amelia njia nzima. Mimi nafurahi: hospitali nzima sasa inajua sauti ni ya nani.

Jumamosi, 8 Machi
Nipo wodini. Jana nilianguka kando ya shimo. Nilitapika kitu kama machicha ya kahawa, kisha damu yenyewe. Stany (Stany!) akanibeba mgongoni hadi barabarani. Docteur Honorine alipoona damu akashika kichwa. Kumbe alikuwa anataka kujua ninaumwa wapi! Basi angesema.
Wakanishusha mpira mwembamba kooni, wenye taa na kamera. Nikatazama skrini. Shimo. Kuta nyekundu, maji meusi chini, na ukutani mshipa mdogo unavuja, unapiga. Ko. Ko. Ko. Nilitaka kupiga kelele, mpira ukanizuia. Docteur akaubana kwa kibanio cha chuma. Kimya. Akasema bado kidogo ningekufa. Vile vidonge vya maumivu ndivyo vilivyonichimba kidonda, nisiviguse tena maishani.

Jumatatu, 10 Machi
Stany amekuja na ndizi. Hanitazami usoni. Anasema shimo limenyamaza tangu Ijumaa, saa ileile niliyobanwa. Madame Rachelle amesikiliza mwenyewe: hakuna kitu. Sauti ya siku tatu haimtoshi. Chura ndiye anayekwenda Ubelgiji.
Fidélie anamshukuru Mungu. Kwa lipi? Nimemwomba Docteur afungue kibanio, siku moja tu. Amemwita tena daktari wa vichwa.
Tata wa kitanda cha jirani anaumwa mgongo. Ana vidonge vilevile, na ana roho nzuri. Nimemeza, nimempigia Stany asibanduke kwenye mashine. Anasema bado kimya. Nimemwambia avumilie, naongeza.