Sauti Yangu Katika Kishikwambi

Jumatatu, 8 Julai 2024

Mkutano wa wazazi shuleni. Nimekwenda kama bibi wa Julia, kidato cha pili, maana baba yake, January, yuko Masasi na kazi zake. Mwalimu Loveness, yule wa baiolojia aliyetoka Mbeya, ametuonyesha vishikwambi ishirini. Ni vya kuwafundisha wasichana wasipate mimba wakiwa shule. Ukibonyeza, sauti ya binti inaeleza hedhi, inaeleza namna ya kumkatalia mwanamume, inaeleza yote. Inakimbia kama mtangazaji wa redio. Msichana mwenye swali la aibu analiandika humo bila jina, na Nesi Naima anamjibu kutoka Newala mjini.

Wazazi wamepiga makofi. Mimi sikupiga. Nimefundisha darasa la tatu miaka thelathini na minne, na nimekuwa kungwi hapa Mnyambe miaka ishirini na miwili. Wali wa upande huu wote nimewacheza unyago mimi. Hakuna aliyeniuliza kitu.

Nikasimama, nikasema kazi hiyo ina wenyewe. Bwanali wa dukani akasema mwaka jana wasichana wanne waliacha shule kwa mimba, na wote wanne walitoka mikononi mwangu. Bwanali hajawahi kuwa na adabu.

Nimeamua. Sauti ya humo ndani itakuwa yangu.

Jumatano, 10 Julai

Mpango wa kwanza. Jana kwenye foleni ya maji niliwaambia akina mama wawili tu, kwa siri, kwamba kishikwambi kinajua binti anatembea na nani. Nilitaka wazazi waogope, vifaa virudi vilikotoka, wanitafute mimi.

Hadi mchana habari ilikuwa imefika dukani, na ilikuwa imenenepa: kishikwambi kinamtaja baba wa mtoto kabla mimba haijaonekana. Leo asubuhi wanaume watatu wamekwenda kwa mkuu wa shule kudai vifaa viondolewe. Wake zao wamewatazama, wakatazamana, wakawafuata huko huko kudai viongezwe.

Hilo sikulitarajia.

Ijumaa, 12 Julai

Mpango wa pili, wa heshima zaidi. Nimekwenda kwa Mwalimu Loveness na mbaazi mbichi za kuchemsha. Akaniamkia shikamoo Mama January, na goti kidogo. Nikamwambia wapo wasichana ambao Kiswahili cha redio hakiwaingii, heri wasikie Chimakonde cha mtu wanayemfahamu. Akasema amekuwa akitafuta mtu wa namna hiyo tangu Mei. Limenikera kidogo. Nilikuwa nimejiandaa kwa ubishi.

Nitarekodi kesho.

Julia amewahi kurudi, amepakiwa na Yassini wa bodaboda. Kilomita saba kutoka shuleni hadi kwetu, na kijana hadai nauli. Ananiamkia hata kabla hajazima pikipiki. Nimempa mapapai mawili. Vijana wa hivi wamebaki wachache.

Jumatatu, 15 Julai

Siku mbaya. Jumamosi nilirekodi dakika arobaini nyumbani, kwa kishikwambi alichoniazima Loveness. Salamu peke yake dakika kumi na moja, maana mambo mazito huwezi kuyaanza hivi hivi. Nilipomaliza nilibonyeza alama nyekundu, nikaamini kimezima. Hakikuzima. Jirani yangu Bertila akaniuliza habari za yule mwalimu. Nikamwambia mwanamke wa miaka ishirini na tisa asiye na mume anafundisha kukataa wanaume, basi bila shaka ana ujuzi.

Leo darasa zima limesikia. Nilikuwepo, na kitenge kipya. Loveness hajui Chimakonde, akaona watoto wanacheka, akamwomba Julia atafsiri. Julia alitafsiri vizuri sana. Hakuacha neno.

Loveness alisubiri kicheko kiishe. Akasema, "Mama January, hiyo ya mwisho nitaifuta. Wasichana wanasema iliyobaki ni nzuri, ila ndefu."

Amenipa tena kifaa nije nacho nyumbani nipunguze.

Jumatano, 17 Julai

Sijapunguza. Nimepata mpango bora. Majibu ya Nesi Naima yamo humo na yeyote anaweza kuyasoma. Nikipata makosa matatu tu, nayapeleka kwa mkuu wa shule. Alasiri nimeketi uani na daftari na kalamu nyekundu.

Swali la tisa lilisema hivi: "Kuna mtu ananipakia kila siku bila nauli. Sasa anasema imetosha, na mimi nimpe kitu. Nikikataa natembea kilomita saba. Bibi yangu anampenda, anampa mpaka mapapai. Nimwambie nani?"

Nesi amejibu kwamba msichana huyo hadaiwi chochote, asipande tena, na amwambie mtu mzima anayemwamini. Kama nyumbani hayupo, amwambie mwalimu.

Mara ya kwanza nilisoma nikitafuta kosa. Sikuliona. Mara ya pili nikaweka kalamu chini. Julia alikuwa hatua kumi kutoka nilipo, anapukuchua mbaazi. Nimewafunda mabinti zaidi ya mia mbili, na kwa huyu mmoja sikujua nianze na neno gani.

Nikamwambia kesho tutatembea wote kwenda shule. Nina mguu unataka mazoezi.

Alhamisi, 18 Julai

Tumetoka alfajiri. Kilomita ya pili haijaisha, Yassini akatukuta. Shikamoo bibi. Nikaitikia marahaba, kwa mazoea. Akamwambia Julia apande, atachelewa. Nikasema Julia hapandi, si leo wala siku nyingine. Akauliza kosa lake nini, wakati yeye hadai hata shilingi.

"Ndiyo maana," nikasema.

Akanitazama, akamtazama Julia, akaondoka. Nikajifunga khanga upya. 

Tukaendelea na safari. Kisha Julia akasema maneno ya Yassini yalianza wiki mbili zilizopita. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Niliogopa ungefurahi, Bibi."

Nilimpokea begi la shule, nikalibeba mimi. 

Shuleni nikamweleza Loveness yote. Alikwishajua, Julia alimfuata jana mchana. Mkuu wa shule amemwita kiongozi wa bodaboda, na wasichana sita wa upande wetu watakuwa wanatembea pamoja. Loveness akaniletea kiti na maji ya kunywa. Habari ya rekodi hakuigusa.

Jumatatu, 22 Julai

Julia amekwenda na kurudi na wenzake, salama. Wanaimba njiani, wanasikika kabla hawajaonekana. Somo langu Loveness amelikata hadi dakika sita, na linasikilizwa.

Watu wananipongeza. Nimewaeleza kwamba mtoto ameokolewa na jicho la kungwi, wala si kishikwambi. Bertila akasema jicho hilo lilikuwa linasoma kishikwambi. Bertila hana shukrani.

Sasa nimeona tatizo liko wapi. Kiti cha Nesi Naima kinafaa mtu mzima kama mimi. Kifaa bado ninacho, na leo mchana nimejiandikisha humo kama msichana wa kidato cha kwanza, miaka kumi na mitatu, nimuulize maswali magumu mpaka ashindwe. La kwanza niliandika kwamba bibi yangu ni mkali na anataka kuniozesha.

Amejibu ndani ya saa moja. Ameuliza kama niko salama sasa hivi. Ameona kifaa ni cha shule yetu, na keshokutwa Jumatano atakuja Mnyambe mwenyewe, na afisa ustawi wa jamii, kumtafuta huyo bibi.

Nimemwambia Bertila kwamba Jumatano niko Chiungutwa kwa dada. Kisha nimejiandikisha upya, safari hii nina miaka kumi na saba. Huyu nimempa bibi mpole.