Toleo Hutoka Likiiva

Jumatatu, 3 Machi

Fundi Saa ameniharibia asubuhi. Ameandika kwenye jukwaa letu la mtandaoni, mbele ya kadamnasi, kwamba mchezo wetu una miaka miwili bila toleo jipya, na kwamba Jumamosi tupige kura nani ashike ufunguo wa kutoa matoleo. Ufunguo ni wangu! Ni neno la siri, refu, nalijua mimi peke yangu. Bila hilo hakitoki kitu.

Anataka toleo kila miezi mitatu. Kilichokuwa tayari kitoke, kisichokuwa tayari kingoje zamu yake. Mtu anayeshinda kibandani akichokonoa saa za watu, utategemea awaze nini kingine?

Niliweke wazi jambo hili kwa faida ya vizazi vijavyo. Mchezo unaitwa Mbuzi na Bustani. Mmoja anaongoza mbuzi, mwenzake analinda bustani, kila mtu akiwa kwake, wanakutana mtandaoni. Ni wa bure. Programu yake iko wazi kwa yeyote atakaye kuichungulia au kuinakili, na sisi tunaoutengeneza tunajitolea tu baada ya kazi. Mimi mchana natoa fotokopi. Kazi ya kujitolea haikimbizwi. Toleo hutoka likiiva!

Nimewajibu kwa ustaarabu kwamba bado kidogo. Mchoraji, anayetuchorea picha zote, akasema mbuzi wake wapya wamefungiwa zizini miaka miwili na sasa wanaota mvi. Watu wakacheka. Hapo ndipo nilipogundua kwamba jukwaani wananiita Bwana Bado Kidogo. Inaonekana ni jina la siku nyingi.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata dawa yao! Ilinijia dukani, karatasi zikiwa zimekwama kwenye mashine na mteja amenikodolea macho.

Dawa ya moto ni moto. Wanataka matoleo? Nitawapa matoleo. Moja kila siku mpaka Jumamosi. Watavimbiwa. Watanipigia magoti wenyewe nirudi kwenye mwendo wangu, na Fundi Saa atakosa pa kuficha uso.

Nimeanza leo leo. Nimetoa toleo lenye mbuzi wapya wa Mchoraji. Jambo la ajabu, watu wameshukuru. Mchoraji ameandika kwamba amelia kwa furaha. Nilijisikia vizuri sana kwa muda, mpaka nikakumbuka kuwa huu ni mtego.

Shangazi, ninayekaa kwake, ameniomba nimwekee toleo jipya kwenye kompyuta yake. Naye ni mchezaji. Kila jioni analinda bustani, na rafiki yake, Nesi Mstaafu, anamletea mbuzi kutoka upande wa pili wa mji. Shangazi hajui kwamba ufunguo ni wangu. Anajua tu kwamba nina kompyuta na sioshi vyombo.

Jumatano, 5 Machi

Toleo la pili. Sikuwa na kitu cha kutoa, nikabadilisha rangi ya uzio. Kutoka kahawia kwenda kahawia nyingine.

Utamu wa mpango huu uko hapa: wachezaji wawili hawawezi kukutana mtandaoni kama hawana toleo moja. Mwenye la jana na mwenye la leo hawaonani. Fujo imeanza! Kuna mmoja anayejiita Fimbo ya Bustani, amelalamika jukwaani kwamba amekaa jioni nzima akimngoja mwenzake. Nimesoma mara mbili kwa starehe.

Shangazi leo ameniuliza, bila kuinua macho, ni punguani gani anayebadilisha mchezo kila kukicha. Nikamwambia labda ni vijana wa siku hizi, hawana subira.

Alhamisi, 6 Machi

Toleo la tatu. Nimerudisha rangi ya kahawia ya zamani.

Malalamiko yamefurika. Nikajitokeza kwa huzuni kubwa, nikaandika kwamba haya ndiyo matunda ya kutoa matoleo mara kwa mara, kama alivyopendekeza ndugu yetu. Nikakaa kungoja vilio. Fundi Saa akajibu kwa upole kwamba kila miezi mitatu si kila siku. Na kwamba toleo hutangazwa mapema ili watu wahame pamoja. Mstari mmoja na nusu tu! Watu kama hawa ndio wanaoua mijadala.

Fimbo ya Bustani naye kaingilia. Kasema mwenye kutoa matoleo haya alikosa wa kumchapa utotoni. Nimemjibu kama inavyopasa. Nimemwambia mchezo ni wa bure, ufunguo ni wangu, na kama haupendi akanunue wa dukani.

Shangazi amepika leo kwa kelele nyingi za sufuria. Nadhani ni joto.

Ijumaa, 7 Machi

Toleo la nne nimelitoa wakati wa mapumziko ya mchana, na mteja wa vyeti akinigongea kaunta. Sikulijaribu. Nilitaka tu kuwapa mbuzi hamu ya kula zaidi kidogo, wachangamke.

Wamechangamka. Wamekula mboga, wakala uzio, wakala kisima. Halafu wakamla mlinzi. Kisha wakaanza kula ubao wa alama, namba moja moja, kuanzia kulia.

Jioni nilimsikia shangazi akipiga yowe sebuleni. Nikadhani ni panya, nikafunga mlango wangu.

Kesho kura. Hali ni nzuri mno. Hakuna mtu mwenye akili timamu atakayetaka matoleo ya mara kwa mara baada ya wiki hii.

Jumamosi, 8 Machi

Mkutano ulikuwa wa sauti, mtandaoni. Nilifungua mimi, kwa hotuba. Niliwauliza kama wameona. Niliwaambia walitaka haraka na haraka imewalia mpaka ubao wa alama. Nikawasihi turudi kwenye hekima. Ilikuwa hotuba nzuri, niliifanyia mazoezi mbele ya kioo.

Kisha Fimbo ya Bustani akaomba kusema. Sauti ikatoka kwenye kompyuta yangu. Ikatoka vilevile sebuleni.

Alisema yeye ni mtu mzima, mambo ya programu hayajui. Ila anajua kwamba tangu yeye na mwenzake wastaafu, hakuna jioni waliyokosa mbuzi. Hawachezi kwa ajili ya kushinda. Wanacheza ili wapige soga, mmoja akimwibia mwenzake kabichi. Wiki hii walikaa kila mtu na toleo lake kama waliosusiana. Wakajaribu simu. Bila mbuzi hawakuwa na la kusema, wakaingia kwenye ugomvi wa zamani wa kitambaa cha harusi, na sasa Nesi hapokei simu. Alisema haombi mambo makubwa. Anaomba aambiwe mapema siku ya kubadilisha, ili wabadilishe pamoja.

Nilitazama ukuta.

Kisha akaongeza kwamba kuna pia bwana mmoja aliyemwambia akanunue mchezo wa dukani. Sauti ya hotuba yake ameisikia kwa masikio yote mawili, moja kwenye kompyuta na moja kupitia mlango. Basi huyo bwana, chakula cha leo naye akanunue cha dukani.

Watu walicheka mpaka mtandao ukakatakata. Kura ikapigwa. Wote walimchagua Fundi Saa isipokuwa mmoja, na huyo mmoja nilikuwa mimi. Toleo ni kila miezi mitatu, tarehe itangazwe mapema. Tena hakuna toleo litakalotoka kabla ya Fimbo ya Bustani na Nesi Mstaafu kulijaribu. Shangazi yangu! Cheo ameshapata, mimi nimeambulia patupu.

Nikauliza kama hakuna wa kunishukuru kwa miaka yote ya utumishi. Fundi Saa akanishukuru. Kibaya zaidi, alikuwa anamaanisha.

Nimekula biskuti.

Jumapili, 9 Machi

Fundi Saa, niliyemkabidhi neno la siri jana usiku, amewafunga mbuzi midomo na kutoa toleo safi la majaribio kwa shangazi na Nesi. Shangazi amempelekea Nesi ujumbe kupitia kwa mwanawe, kwamba bustani iko wazi na kabichi zimekomaa. Nesi akajibu kwa kuleta mbuzi thelathini bila salamu. Tangu mchana wanacheka. Shangazi amenigongea mlango, akaniambia chakula kipo mezani na tabia yangu tutaizungumza baada ya mchezo.

Nimeumia. Naandika hapa kwa kuwa hakuna mwingine wa kumwambia. Miaka yote ile nilijua kila jani la bustani ile, na leo nagongewa mlango kama mgeni.

Lakini sikuzaliwa ili nikate tamaa. Programu si iko wazi kwa kila mtu? Basi na mimi ni mtu! Nimechukua nakala nzima, nimeipa jina jipya, Bustani na Mbuzi, na nimejiteua mtunza ufunguo. Huku hakuna fundi saa, hakuna mchoraji, hakuna shangazi wa mtu. Kila kitu kitaendeshwa kwa busara.

Nimeitisha mkutano wa kwanza wa wanachama, yaani mimi. Ajenda ilikuwa moja, toleo la kwanza litoke lini. Niliwasilisha hoja kwamba litoke leo hii, tuwakomoe. Nikasimama kuipinga hoja hiyo vikali, kwa sababu kazi haijakamilika na jina letu lingechafuka mapema. Nikajibu kwamba kuchelewa ndiko kulikotuponza kule tulikotoka. Nikajiomba niondoe kauli hiyo. Nikakataa.

Tumepiga kura. Zimelingana.