Flashi ya Hilaire, Picha Zangu

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Nimezipata! Triga mbili, kutoka Kasese mpaka hapa Bwera nimezibana kwapani juu ya boda. Moja inakaa juu ya kamera, nyingine chini ya flashi. Unabonyeza hapa, flashi inawaka kule, na waya hakuna. Nimeficha flashi nyuma ya mtungi, nikabonyeza nikiwa mlangoni. Paa! Mke wangu Musimenta kauliza kama nataka kuchoma nyumba. Hajui tunakoelekea.

Tunaelekea Kasese. Mama Feresita anamwoza binti yake Sylivia, na kamati ya harusi anaiongoza yeye mwenyewe. Kasema Jumamosi, kwenye sherehe ya mahari hapa Bwera, tupige picha wawili, mimi na Hilaire. Atakayempendeza ndiye atapiga harusi yenyewe, ukumbini Kasese. Sijawahi kupiga harusi ya mjini Kasese. Naitaka mpaka usiku naiota.

Hilaire ni yule Mkongomani wa Butembo, studio yake inatazamana na yangu. Mtu mpole, anasalimia kila asubuhi. Simpendi hata kidogo.

Jumatano, 6 Agosti

Hilaire naye kanunua triga! Aina ileile, duka lilelile. Nimejuaje? Nimekaa studio nakula bundu, ugali wetu wa muhogo, na samaki, flashi yangu mezani ikawaka yenyewe. Sijagusa kitu. Ikawaka tena. Nikaanza kusali. Kisha nikachungulia dirishani: Hilaire kule anajaribu kamera, na kila akibonyeza, flashi yangu inaitika. Kumbe triga zote zimetoka kiwandani kwenye chaneli namba moja.

Musimenta kasema nibadilishe chaneli yangu, yaishe. Musimenta hana akili ya biashara. Kama triga yake inawasha flashi yangu, basi triga yangu inawasha flashi yake. Kwa hiyo Jumamosi flashi yangu inabaki nyumbani. Abebe stendi yeye, anunue betri yeye, mimi nipige kwa mwanga wake. Nimecheka peke yangu mpaka nimepaliwa.

Jumamosi, 9 Agosti

Mawingu yalishuka mlimani, ndani ya hema giza kama jikoni. Vizuri kabisa. Hilaire kasimamisha flashi yake karibu na meza kuu. Nikabonyeza. Ikawaka! Picha safi, nyuso zinang'aa, hata kofia ya padri imetoka. Hilaire akaigeukia flashi kama mtu aliyeitwa jina lake.

Hapo tamaa ikanipanda. Flashi ikishawaka inataka kupumua kidogo. Nikiiwasha mimi kwanza, yeye akibonyeza hapati kitu. Mbuzi wa mahari walipoletwa niliwapiga mmoja mmoja, mbele, ubavuni, mpaka mikia. Hilaire jasho linamtoka, analalamika kwa wageni kwamba hii mashini iko na pepo. Raha niliyosikia, sijui niieleze vipi.

Kisha Sylivia akatoka nyumbani na shangazi zake. Vigelegele, watu wote wamesimama. Nikabonyeza. Giza. Betri za flashi zimekwisha, na nimezimaliza mimi, kwa mikia ya mbuzi.

Hilaire alikuwa na nyingine mfukoni, akaziweka. Nikamshukuru Mungu. Lakini mjomba wa Sylivia, afande aliyekuja likizo, alikuwa amesikia yale malalamiko. Akamfokea kwamba redio ikiingiliwa unabadilisha chaneli, badilisha, haraka. Hilaire akabadilisha. Tangu hapo flashi ilimtii yeye tu. Mimi nilibonyeza mpaka kidole kikafa ganzi.

Jumapili, 10 Agosti

Kamati ilikaa baada ya misa. Mama Feresita katazama picha zangu moja moja. Kuhusu mbuzi kasema wametoka vizuri, kila mmoja anatambulika. Sylivia yanaonekana meno tu. Kaniuliza mbele ya watu kama binti yake nilimwona au sikumwona. Harusi ya Kasese kampa Hilaire.

Nimelia nyuma ya kanisa. Ndiyo, nimelia, na naandika hapa bila aibu.

Alhamisi, 14 Agosti

Hilaire kaja na soda mbili. Kasema pepo ile ya Jumamosi ilituharibia kazi sisi wote, ananihurumia sana. Kasema mutu moja hawezi kushika kamera na flashi, kaka, twende wote Kasese, wewe unishikie flashi. Ilibaki kidogo tu nimwambie ukweli. Nikanywa soda.

Halafu yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, kanitajia chaneli yake mpya, eti niweze kumsaidia vizuri. Saba!

Yangu nimeshaiweka saba. Mkono mmoja utashika flashi yake, mwingine kamera yangu, na Mama Feresita atajua mpiga picha ni nani. Musimenta kauliza kama safari hii nitabeba flashi yangu na betri. Za nini? Betri zangu zote nimeziweka kwenye redio, hapa tunasikiliza muziki.