Paka wa Jemadari

Jumanne, 4 Machi

Kikao cha wasomaji kilikwenda vizuri hadi yule mtu alipokunja nne.

Nieleze. Shajara haina msomaji, lakini hiyo si sababu ya kuandika ovyo. Maktaba yetu ina nakala moja tu ya kila riwaya nzuri, na tano za kila riwaya mbaya. Kwa hiyo mmoja wetu husoma kwa sauti, wengine husikiliza, kisha tunabishana. Msomaji ni mimi. Nimefundisha historia hadi nywele zikaniaga. Sauti ninayo, miwani ninayo, na kiti chenye mto ninacho. Kulia kwa kiti hicho hukaa Mama Cherehani, fundi wa nguo, ambaye husikiliza huku akipinda pindo la nguo ya mtu bila kuitazama sindano. Yeye ni mjane. Mimi ni mgane. Mwenye akili na ajumlishe.

Leo tumeanza riwaya mpya, *Mateka wa Jemadari*. Mapenzi ya zama za kale. Jemadari anauteka mji, anamchukua binti wa mfanyabiashara, anamfungia mnarani, anazisoma barua zake kabla hazijamfikia, halafu anashangaa kwa nini binti hacheki. Hata sura ya tatu haijaisha, tulishagawanyika. Kinyozi alisema huyu si shujaa, ni mnyang'anyi mwenye farasi. Mkutubi, ambaye bado ni msichana, akasema jamani, mngojeeni, atabadilika, wanaume wa vitabuni hubadilika. Kinyozi akamuuliza, na wa nje ya vitabu je? Mkutubi akaanza kupanga magazeti.

Ndipo Mfamasia akakunja nne. Huyu ni mstaafu kama mimi, amejiunga juzijuzi, na sikumbuki nani alimwita. Akasema, kwa ile sauti yake inayotokea kisimani, kwamba Jemadari ni mtu aliyejeruhiwa moyoni.

Mama Cherehani akainua macho! Nimemsomea karibu sura tatu, hakuinua hata ukope.

Jumatano, 5 Machi

Sina wivu. Wivu ni ugonjwa wa mtu asiyejiamini. Mimi nachunguza tu.

Matokeo ya uchunguzi: mashati ya Mfamasia yamepigwa pasi hadi mikono inasimama yenyewe. Anaishi peke yake. Mwanamume anayejipigia pasi namna hiyo ana nia. Tena lile pindo la jana lilikuwa la kitambaa cha buluu. Mfamasia hupenda buluu. Sisemi kitu.

Nimehitaji sababu ya kwenda kwa fundi. Binti yangu ameniuliza mkasi wake unafanya nini juu ya suruali zangu. Nikamwambia zimechanika. Akasema, Baba, suruali haichaniki kwa mstari ulionyooka. Huyu mtoto nilimsomesha kupita kiasi.

Mama Cherehani ameigeuza ile suruali ya kwanza, akaitazama kwenye mwanga, akasema, "Mwalimu, panya wa kwako wamesoma jiometri." Nikacheka kuliko ilivyostahili. Nikamuuliza anamwonaje Jemadari. Akasema bado anasikiliza. Nikamuuliza, kwa kupitia tu, anamwonaje Mfamasia. Akasema ana sauti nzuri.

Sauti nzuri! Hata kengele ina sauti nzuri, na ndani ni tupu.

Nimefikiri njia nzima ya kurudi nyumbani. Mfamasia amejifunga kwa Jemadari. Basi Jemadari akichukiwa na watu wote, mtetezi wake atakwenda naye. Mchimba kisima huingia mwenyewe, walisema wahenga, nao bila shaka walikuwa wanamfikiria Mfamasia.

Ijumaa, 7 Machi

Siku kubwa.

Asubuhi nilitangulia kuisoma sura ya leo, kama mwalimu yeyote anayejiheshimu. Balaa! Katika sura hiyo Jemadari anapanda ngazi za mnara, anaufungua mlango, anamrudishia binti barua zake zote, anapiga magoti na kuomba radhi. Ukurasa mzuri, sitaficha. Nilipangusa miwani mara mbili. Kisha nikajiambia: ukurasa huu ukisomwa mbele ya watu, Mfamasia atakunja nne mpaka uzeeni.

Kwa hiyo nimeuruka. Na kwa kuwa pengo halipendezi, nimelijaza. Kwa kinywa changu mwenyewe, bila kukohoa wala kusitasita, nimesoma kwamba Jemadari alipokuwa akishuka ngazi alikutana na paka mdogo wa kijivu, akampiga teke.

Moto!

Nataka nieleze jambo hili kwa sababu lina mafunzo. Binti wa watu amefungiwa mnarani sura kadhaa, tukabishana kistaarabu, wengine wakila karanga. Paka mmoja kaguswa, nyumba ikawaka. Mkutubi alilia, akasema yeye alikuwa anamngojea huyu mtu, kumbe anamngojea katili. Kinyozi akasema alimjua tangu sura ya kwanza, mtu wa kupiga paka anaonekana usoni. Mfamasia alijaribu kusema labda paka yule alikuwa na kichaa. Akazomewa! Kinyozi akamuuliza kama hata dukani kwake alikuwa anagawa dawa kwa huruma hiyohiyo.

Na Mama Cherehani? Sindano yake ilisimama. Akanitazama. Si kitabu, si Mfamasia. Mimi. Akanitazama muda mrefu, kama mtu anayepima kitambaa kwa macho.

Nimerudi nyumbani nikiimba.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeamua. Jumanne baada ya kikao nitaposa.

Nimemweleza binti yangu. Amefurahi, kisha akaharibu kwa kuuliza kama mwenyewe Mama Cherehani ameonyesha dalili yoyote. Nikamweleza yale macho. Akaniuliza kama nimewahi kukaa na huyo mama nikamuuliza anataka nini katika maisha yake. Nikamwambia mwanamke mwenye kazi nyingi hasumbuliwi kwa maswali. Mambo hupangwa, kisha yeye hupelekewa yakiwa tayari. Binti yangu akasema, "Haya, Jemadari." Sikuelewa alichomaanisha. Kizazi hiki hakimalizi sentensi.

Mchana nimepita maktaba kupanga viti. Cha Mfamasia nimekiweka nyuma ya nguzo. Nimemweleza mkutubi kuwa pale kilipokuwa zamani dari inavuja. Amesema haijanyesha tangu mwaka jana. Nikamwambia ndiyo maana hatujagundua.

Jumanne, 11 Machi

Nitaandika kwa mpangilio.

Nilianza vizuri. Shati jipya, sauti safi. Nilipoona hadhira imepoa kidogo, nikamwongeza paka wa pili. Mama yake yule wa kwanza.

Kutoka nyuma ya nguzo, Mfamasia akauliza huo ni ukurasa wa ngapi. Nikamweleza kwamba kuhesabu kurasa ni kazi ya wachapaji, kazi ya msomaji ni kuelewa.

Mama Cherehani akaweka nguo chini. Hajawahi kuweka nguo chini. Akasema kwa upole, "Mwalimu, hebu nioneshe huyo paka."

Nikamwambia maandishi ni madogo mno, ataumiza macho. Akaniambia yeye hutunga uzi kwenye sindano kila siku ya Mungu. Akanyoosha mkono. Watu wote wananitazama! Ningefanya nini? Nikampa.

Akarudisha kurasa nyuma, akasoma ule wa mlango, wa barua na wa magoti. Alisoma bila mbwembwe, kama mtu anayesoma maelekezo ya kuosha nguo, na bado hakuna aliyepumua. Alipomaliza akasema kitabu hiki amekuwa nacho dukani miaka mingi, amekisoma hadi jalada limebanduka, na ndani yake hakuna paka. Hakuna hata panya. Alijua tangu Ijumaa. Alinyamaza akidhani nitamtoa paka wangu mwenyewe, kumbe ninamletea na mama yake.

Kinyozi alicheka mpaka akapata kwikwi. Mkutubi akauliza, sasa yale machozi yangu ya Ijumaa nani atanirudishia?

Kisha wakagawanyika upya, kana kwamba mimi sipo! Mkutubi akasema wameona, si aliwaambia atabadilika? Kinyozi, katikati ya kwikwi, akasema kupiga magoti ni mazoezi ya viungo, hakufuti kitu. Mfamasia alitoka nyuma ya nguzo akasema sasa hata yeye hana uhakika. Wakamgeukia Mama Cherehani.

Nikajua atamtetea. Mtu hasomi kitabu mpaka jalada libanduke kama hampendi shujaa wake.

Akasema hajawahi kumpenda Jemadari, hata siku moja, hata baada ya magoti. Anampenda yule binti. "Mtu anayekufungulia mlango alioufunga mwenyewe hajakupa kitu," alisema. Kisha akanigeukia mimi, bila hasira, na hapo ndipo palipouma. Akasema mtu anayewachagulia wenzake ukurasa wa kusikia naye amejenga mnara wake. Na kwamba ningekisoma kitabu kama kilivyo, ningemkuta upande wangu tangu sura ya kwanza.

Upande wangu! Tangu sura ya kwanza!

Mtu mwingine angekwenda nyumbani. Mimi nilikuwa na shati jipya. Nilimsubiri mlangoni nikaposa.

Alinisikiliza hadi mwisho, maana ana adabu. Akasema, "Mwalimu, nimeishi na mume mwema, na sasa naishi na cherehani. Hakuna kati yao aliyewahi kuniamulia nisikie nini." Akasema hapana. Akaongeza, ili nisisikie kwa watu, kwamba Mfamasia naye alileta maneno kama hayo mwezi uliopita, akapata jibu hilohilo. Akanitakia usiku mwema na kuniambia suruali zangu ziko tayari.

Jumatano, 12 Machi

Nimekaa na binti yangu. Tumekunywa chai ikaisha. Akasema pengine kuna jambo la kujifunza hapa. Nikamwambia ndiyo, na tayari ninalifanyia kazi.

Ijumaa, 14 Machi

Wamepiga kura. Msomaji sasa ni Mama Cherehani. Nimepewa kiti cha nyuma, ruhusa ya kusikiliza, na sharti la kutoeleza chochote mpaka sura iishe. Sharti hilo amelitoa yeye mwenyewe. Nalitafakari. Mwanamke hamwekei sharti mtu asiyemfikiria.

Mfamasia amekaa karibu yangu. Tumeitikiana kwa kichwa, kama majeruhi wa vita moja. Tukiwa peke yetu si mtu mbaya. Hata ile sauti, ukiizoea, ni mafua tu.

Lakini nimeona jambo. Wakati wa ubishi, Kinyozi alisema Jemadari angekuja kunyolewa kwake asingetoka na masikio yote mawili. Mama Cherehani akacheka. Si tabasamu. Alicheka akajifuta machozi kwa kanga, na Kinyozi akasogeza kiti chake karibu na wake. Kinyozi! Mtu asiyejua hata tofauti ya dibaji na dondoo! Na ndevu zake leo zilikuwa zimechongwa vizuri kuliko za mteja yeyote.

Jumapili, 16 Machi

Nimelala vizuri, akili imetulia, mambo yote yamekuwa wazi.

Kosa langu lilikuwa kuchezea kitabu. Kitabu kina watu waliokwisha kukisoma. Watu wenyewe hawana nakala ya pili.

Mama Cherehani anahitaji utulivu ili asome vizuri. Utani wa vinyozi unamchosha, ingawa kwa adabu yake hawezi kusema. Kwa hiyo nimepita kwa Kinyozi kunyolewa, na nikiwa na povu shavuni nimemwarifu kwamba kikao cha Jumanne kimehamishiwa Alhamisi. Amenishukuru sana. Hata hela hakuchukua.

Binti yangu asiulize. Mambo hupangwa.