Pikipiki ya Mama Mwantum

Karimu alikuwa mtu wa suti moja na ahadi nyingi. Suti ilikuwa ya kahawia. Ahadi zilikuwa za rangi zote, na watu wa mtaa wa Kamenge walizinunua kwa zamu. Aliwahi kuuza kiwanja ambacho mwenye mali alikuwa amekaa ndani yake, anapiga mswaki. Aliwahi kumuuzia padri dawa ya kufukuza popo, na popo wakaongezeka. Kazi hizo zote alizifanya akiwa juu ya pikipiki nyekundu ya mama mkwe wake, Mama Mwantum, muuza vitenge. Mama huyo alimpa binti, akampa chumba, na kila asubuhi alimpa ufunguo wa pikipiki, ambayo yeye aliiita moto, kwa maneno yaleyale.

“Siku moto itapotea, na we unapotea. Khadidja atabaki hapa kwangu.”

Khadidja ndiye mkewe, na Karimu alimpenda kwelikweli. Naomba mniamini hapo, maana ndicho kitu pekee alichokuwa nacho ambacho hakukipata kwa uongo.

Basi Alhamisi moja Karimu alikuwa anakula brosheti, hana hata faranga ya kulipia, akamwona kwenye meza ya jirani mzee mnene mwenye miwani anaugulia chupa ya bia. Mtu anayehuzunika na nyama ipo mezani ana pesa, au ana kitu kinachofanana na pesa. Karimu alihamia kwake na mishikaki yake, akampa pole kabla hajajua ya nini.

Alikuwa Profesa Népomuscène, wa chuo kimoja ambacho sitakitaja kwa sababu bado nina ndugu wanaosoma huko. Kwa miaka mitano Serikali ilikuwa imempa fedha achunguze samaki wa ziwani. Fedha zimekwisha, samaki wapo palepale, na sasa tume kutoka wizarani inakuja Jumatatu kuangalia vyombo vya utafiti vimefikia wapi. Sheria aliieleza mwenyewe, kwa uchungu. Chombo kinachofanya kazi kinarudi kwa Serikali. Kilichokufa wanakiachia chuo. Kilichoibwa kinataka karatasi ya polisi tu, kisha wanamwombea mwizi mabaya na kufunga faili.

Kilichomuuma ni moteri, yaani injini ya mtumbwi, ng’ombe mzima wa chuma, nzuri ajabu, nayo ingerudi Serikalini. Vyombo vingine alishavirudisha maabara kutoka vilikokuwa vikifanya “utafiti”. Friza ya sampuli, kwa mfano, ilikuwa imetoka juzi kwenye baa ya mke wake kule Carama, na bado ilikuwa inanuka bia na ndagala, dagaa wa ziwani.

Hapo Karimu akaacha kutafuna. Bandarini moteri ya namna hiyo haikai hata nusu siku, watu wa mitumbwi ya Kigoma na ya Kongo wanaigombania. Bei yake inanunua pikipiki tatu. Akafuta mikono, akageuka fundi.

“Profesa, tume haiangalii kitu. Inaangalia namba ya rangi nyeupe ile mumeandika juu yake. Mi naleta moteri yenye kufa, tunaipaka namba yako, wanaona imekufa, wanakuachia. Ile nzima naificha kwa rafiki wangu ku bandari wiki moja. Kisha unaiuza, unanikumbuka kidogo.”

Profesa alivua miwani, akaifuta, akauliza mara mbili kama kweli tume inasoma namba tu. Karimu alimhakikishia kwa upole, kama mwalimu na mtoto mzito. Kumfundisha profesa kulimpa raha kubwa. Alivyojisifu moyoni siku ile, ni aibu hata kusimulia.

Walikubaliana Jumapili asubuhi, walinzi wakiwa misani. Karimu alifika na kamioneti ya kukodi nyuma yake, gari dogo la mizigo lililokwenda kwa mafuta ya magendo, maana vituo vya mafuta vilikuwa vimekauka na foleni za magari zilikuwa zimeota nyasi. Yeye alitangulia na pikipiki nyekundu. Bamba la namba alikuwa amelifungua njiani na kulitia mfukoni, ndiyo desturi yake akiwa kazini, ili mtu aliyelizwa asije akajua amtafute wapi. Mtu mwangalifu sana, Karimu.

Moteri ilikuwa stoo, chini ya turubai, namba nyeupe inang’aa ubavuni. Karimu aliipapasa, akauliza kama inawaka. Profesa akacheka kwa huzuni, akamuuliza mwaka huu petroli ya kujaribia moteri ataipata wapi, labda aikamue kwenye samaki. Jibu lilikuwa na akili sana. Nchi nzima ilikuwa haijajaribu moteri yoyote. Karimu alicheka naye, akaahidi kuleta ile iliyokufa jioni, wakaipakia.

“Sasa,” Profesa alisema, “we unaondoka na moteri yangu. Mi nabaki na nini?”

Karimu hakuwa na cha kuacha ila kile ambacho si chake. Aliitazama pikipiki. Mjini kati pikipiki haziruhusiwi kuingia, kwa hiyo hata angetaka asingeweza kwenda nayo bandarini. Akapiga hesabu yake ya kijinga. Jioni moteri itakuwa imeuzwa, kesho atamnunulia Mama Mwantum pikipiki mpya yenye nailoni bado kwenye kiti, na Khadidja atamwangalia kwa namna nyingine. Huyu mzee atabaki na hii kuukuu na majonzi yake. Akatoa ufunguo. Kwa heshima, Profesa aliupokea kwa mikono miwili.

Bandarini alimkuta Amissi, fundi wa moteri za mitumbwi, mtu asiyeamini kitu mpaka akinuse. Amissi alikuwa na petroli kidogo kwenye chupa ya soda. Alivuta kamba mara kadhaa, moteri ikanyamaza. Akafungua kifuniko, na manyigu wawili wakatoka ndani, wamekasirika. Piston ilikuwa imevunjika, kutu imejaa. Amissi aliangalia namba nyeupe, kisha akaketi chini, akacheka mpaka akashika mbavu.

“Ii moteri mi ndiye nilimuuzia huyo profesa wako, bei ya chuma chakavu. Ile nzima aliniuzia mi mwezi wa kwanza. Saa hii iko inapeleka watu Kigoma. Ndugu yangu, uliiba maiti.”

Usiku ule Karimu aliruka ukuta, akalala bila Mama Mwantum kumwona. Jumatatu asubuhi alipanda basi mpaka chuoni, amejiandaa kulia, kutisha, kupiga magoti, chochote. Alikuta watu wa tume wamesimama mlangoni pa stoo. Aliyewaongoza alikuwa Madamu Amandine, mama mwembamba wa wizarani, na katikati yao pikipiki nyekundu imesimama kwa adabu, ubavuni ina namba nyeupe ambayo rangi yake haijakauka vizuri.

“Moto ya mradi,” Madamu alisoma. “Namba iko sawa. Haina plaki?” Akaonyesha mahali pa bamba.

“Mradi haukuwahi kupata plaki, Madamu,” Profesa alisema. “Unajua ofisi zetu.”

Madamu alizijua sana. Pikipiki halisi ya mradi, kama Karimu alivyoanza kuelewa akiwa amesimama pale, ilikuwa imeuzwa zamani, na huyu mzee alikuwa anatafuta tu mjinga wa kumletea nyingine. Kisha Profesa akatoa karatasi ya polisi kuhusu moteri iliyoibwa jana, wakati wa misa. Akaeleza mwizi alivyo: mufupi, suti ya kahawia, anajua kuongea. Alipoinua macho, macho yake yakakutana na suti ya kahawia.

Profesa hakushtuka hata kidogo.

“Bwana, unatafuta mutu?”

Wote wakageuka. Kulikuwa na polisi pia, kijana mwenye bunduki na usingizi. Karimu alifungua ule mdomo uliouza kiwanja na dawa ya popo, akatafuta neno ambalo lingemrudishia pikipiki bila kumpeleka jela. Halikuwepo.

“Apana,” alisema. “Nimepotea njia.”

Karani wa tume akawasha pikipiki. Iliwaka mara moja, chombo kizima kabisa, mali ya Serikali. Madamu akampongeza Profesa kwa utunzaji, nami naona alistahili.

Karimu alirudi Kamenge kwa miguu. Mama Mwantum alikuwa mlangoni anakunja vitenge, Khadidja nyuma yake, macho mekundu. Karimu alikaa chini, na kwa mara ya kwanza tangu aingie nyumba ile alisema kweli yote: brosheti, moteri, manyigu, rangi nyeupe. Hakuficha kitu. Mwishoni alitoa bamba mfukoni, akampa mama mkwe kwa mikono miwili.

Mama Mwantum aliligeuza bamba, akalifuta kwa kanga.

“Profesa wa chuo kikuu,” alisema, “mwenye miwani, aibe moto yangu, mbele ya Serikali. Karimu mwanangu, umeshanidanganya vizuri kuliko hivi.”

Akamwita Khadidja ndani, na mlango ukafungwa.